Kazi ya Kupasha Gari

Kuna familia zinazogombania shamba, na zipo zinazogombania mirathi ya nyumba. Sisi tuligombania injini. Ukitaka kucheka cheka sasa hivi, maana huko mbele hakuchekeki. Baba yangu alikufa kwa sababu nyumba nzima ilimpenda, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba gari la petroli halikuwa na haja naye.

Nianze na lile la zamani. Lilikuwa gari kubwa la familia, la dizeli, refu kiasi kwamba Kadogo, mtoto wa kaka, alipandishwa kwa kubebwa. Baba alilinunua alipoacha kuendesha malori. Barabarani wenzake walimwita Taratibu, kwa kumtania, kwa sababu kila gari lilimpita. Yeye hakujali. Alikuwa akisema ameendesha maisha yake yote hajaua hata kuku, na wale waliompita wengi wao tuliwazika. Presha ya macho ilipomwanza, akawa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, alimpa kaka funguo mwenyewe bila kuombwa. Wazee wangapi wanaweza hilo? Wengine mpaka wagonge ukuta wa watu.

Lakini kazi moja alibaki nayo, nayo ni kulipasha gari moto. Asubuhi, kaka akiwa bado ananyoa ndevu, baba anapapasa ukuta mpaka kwenye banda, anafungua ile milango miwili ya bati, anakaa kwenye kiti cha dereva. Dizeli ile haikuwa ya kuamka hivi hivi. Unazungusha funguo nusu, unasubiri taa ya njano izime, unawasha, inakohoa, inatapika moshi mweusi, halafu inatulia. Hapo unaiacha ingurume mpaka ipate joto. Baba alikaa humo na kikombe chake cha chai, mkono mmoja juu ya dashibodi, anaisikiliza. Akitoka anamwambia kaka, "Leo iko sawa," au, "Nozeli moja inalalamika, lipeleke kwa fundi." Na kweli fundi akifungua anaikuta.

Watu wa malori wote wako hivyo. Injini baridi kwao ni kama mtoto aliyelala, humvuti mkono ukamkimbiza. Kwenye safari za milimani walilala ndani ya kibini madirisha yamefungwa, injini inanguruma kwa ajili ya joto, na asubuhi wakaamka wazima. Ndiyo maana baba aliiamini dizeli kuliko alivyowaamini watu. "Dizeli haina unafiki," alizoea kutuambia. "Ikitaka kukudhuru inakuambia kwanza. Macho yanawasha, koo linakereketa, unatoka nje mwenyewe. Moshi mbaya haujifichi."

Mimi nilikuwa chumba kinachotazama ua na banda, na cherehani yangu. Nashona sare za shule. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na mimi nilirejea na guu langu, godoro na cherehani. Kaka alinipokea vizuri. Wifi yangu pia alinipokea, ingawa siku ambazo hana raha na mimi hupanga sufuria kwa kelele. Sitamsema vibaya. Nilitaka sana kumsema vibaya kwa haya yaliyotokea, nikatafuta pa kumshikia, nikakosa.

Wifi ni mtu wa mapokezi kwenye zahanati, na mtoto wake ni mmoja tu, Kadogo, ambaye kifua chake kina pumu. Chumba cha Kadogo kiligusana na banda la gari. Dizeli ikiamka na Kadogo anaamka, akikohoa, mabega yamepanda mpaka masikioni anatafuta hewa. Nikifua mapazia ya chumba kile maji yanatoka meusi. Wifi alilisema hili kwanza kwa adabu, kisha kwa mafumbo, mwishowe waziwazi mezani: "Baba, unampashia gari mwenye gari, na mimi mwanangu unamkausha." Kesho yake baba alilisukuma gari mpaka nje ya banda ndipo akaliwasha, mzee yule, peke yake, na wakati wa kulirudisha akajigonga goti. Kaka akamkataza kusukuma.

Basi siku moja injini ya lile gari ikapasuka. Fundi wetu wa magari, mwembamba mmoja tunayemwita Nati, alilifunika boneti kama anayemfunika maiti, akasema kulifufua ni kutupa pesa. Ikabidi litafutwe lingine.

Zile wiki za kutokuwa na gari ndizo nilizomwona baba akikaa. Sikuwahi kumwona akikaa kabla ya hapo. Asubuhi aliamka saa ileile, akavaa koti lake, akafika kwenye mlango wa nyuma, akakumbuka. Akarudi kwenye kiti cha sebuleni akatazamana na ukuta. Chai ikapoa. Nilimpa vifungo anichambulie, vikubwa huku na vidogo huku, akanichanganyia vyote kwa sababu ya macho, akasema, "Mwanangu, usinipe kazi ya kunipumbaza." Naona haya mpaka leo. Alianza kupungua mwili. Alianza pia kuomba ruhusa ya vitu vya kwake mwenyewe, kuwasha redio, kufungua dirisha, kama mpangaji.

Kwa hiyo kaka alipoita kikao cha kuchagua gari, kila mtu alijua kinachochaguliwa ni nini. Kaka ni mkaguzi wa mita za maji, mtu wa kupenda amani, ukimuuliza wali au ugali anakuangalia usoni kwanza ajue wewe unataka kipi. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Chukua dizeli," baba alisema. "Ina nguvu, mafuta inakula kwa adabu, na ukiitunza itakuzika."

"Tunataka gari la kutubeba, si la kutuzika," wifi akasema.

"Petroli ni gari la vijana. Linakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi."

"Linywe, Baba. Kadogo avute hewa."

Nati alikuwa ameitwa atoe ushauri, akakaa pembeni ya kochi ili asilichafue. Akasema la kwake kwa upole. Dizeli, alisema, ni gari la mtu wa safari ndefu na mizigo. Sisi tunakwenda wapi? Shuleni, zahanati, sokoni, basi. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi, na chujio hilo linataka mwendo mrefu lipate joto lijichome taka. Ukilizungusha mtaani tu linaziba, gari linakosa nguvu, na unarudi kwake kila mara.

"Si mnalitoa hilo chujio," baba akasema.

"Tukilitoa, Mzee, masizi yote yanatoka nje."

"Yanatoka nje yanakwenda wapi?" wifi akauliza, na hakuna aliyehitaji kujibu, maana Kadogo alikuwa chumbani na tulimsikia akikohoa.

Baba aliinamisha kichwa. Alimpenda yule mtoto kuliko sisi wote tukiunganishwa, kwa hiyo vita vilikwisha hapo. Lakini aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea: "Na hilo la petroli, asubuhi nani atalipasha?"

Nati alifungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema. Gari la petroli la siku hizi unaliwasha, unafunga mkanda, unaondoka, linapata joto njiani. Kaka akamuwahi.

"Wewe, Baba," akasema. "Nani mwingine? Petroli ndiyo inataka kupashwa zaidi. Injini yake ni laini."

Nati akafunga mdomo. Akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu. Wifi akasonya kidogo, kisha akainuka kwenda kuongeza chai. Tulimpaka baba mafuta kwa mgongo wa chupa, wote, na kwa mapenzi kabisa. Mzee akanyoosha mgongo. "Kweli," akasema, "kitu laini kinataka mkono wa taratibu." Usiku ule alikula akamaliza.

Gari likaja. La petroli, jeupe, limeshatumiwa na watu wengine huko lilikotoka, lakini ndani safi na viti havina tundu. Baba alilizunguka akilipapasa. Alipoliwasha mara ya kwanza alikaa kidogo, kisha akatoa kichwa dirishani akauliza, "Limewaka au limegoma?"

"Limewaka, Baba."

"Mbona limenyamaza kama mkwe mpya?"

Tulicheka sote, hata wifi. Na niseme haki, nyumba ilipona. Kadogo alianza kulala mpaka asubuhi. Mapazia yakabaki na rangi yake. Dawa ya kuvuta ikakaa kwenye droo, siku zikapita hatujaigusa, na wifi akaacha kupanga sufuria kwa kelele. Nikiwa kwenye cherehani sikusikia tena mngurumo uliokuwa ukinitikisia sindano. Wakati mwingine nilisahau kabisa kama baba yumo bandani.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hapa ndipo penyewe. Enzi za dizeli alikuwa akiacha milango ya banda wazi, kwa sababu moshi wake ungemtoa mtu roho kwa kukohoa. Lakini alikuwa amesemwa. Maneno ya wifi yalimwingia. Lilipokuja la petroli, baba akaanza kuifunga milango akiwa ndani. Nilimkuta siku ya kwanza akihangaika na komeo nikamuuliza vipi.

"Mtoto amelala," akasema. "Moshi usimfikie."

"Na wewe?"

"Mimi nimekula moshi tangu mama yako hajanijua. Huu ni moshi gani? Hauna hata harufu. Ukiwa mbaya nitausikia."

Nikaona ana maana. Mimi najua kitambaa, sijui moshi. Ningemuuliza nani? Kaka anajua mita. Nikamwambia tu asisahau chai yake, nikarudi kwenye sare zangu.

Ikaanza habari ya kichwa. Akitoka bandani anashika ukuta muda mrefu kuliko kawaida, anasema kichwa kinamgonga, anasema chai imemkinaisha. Siku nyingine alitapika kidogo karibu na bomba la maji akafukia kwa mguu, akidhani hatujaona. Kufika mchana yuko salama, anatania. Wifi alimpeleka kwenye zahanati yao, wakampima presha, wakaikuta imepanda kidogo, wakampa vidonge. Tukasema presha. Tukasema uzee. Uzee ni neno zuri sana, unaweza kulitupia kitu chochote likakifunika. Hivi kichwa kinachouma asubuhi tu na kupoa mchana kilikuwa kinatuambia nini? Leo naona. Siku zile hakuna aliyeona, na anayeniambia yeye angeona ni mwongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ya upepo. Banda lilikuwa na kidirisha kimoja kisicho na kioo, na upepo uliiingiza mvua kupitia hapo. Baba akakiziba kwa gunia. Milango akaibana kwa komeo, akaingia garini, akawasha, na kwa ajili ya baridi akapandisha vioo nusu. Nilimwona akivuka ua amekifunika kikombe kwa kiganja maji yasiingie. Nilikuwa naunga kola. Sikuinua hata mkono kumpungia.

Kaka alimaliza kunyoa, akavaa, akaita, "Baba, limeiva?" Mvua ilikuwa na kelele juu ya bati, akadhani hajasikika. Akaenda na mkoba wake. Alibisha mlango wa banda, akabisha tena, kisha nikasikia bati linapigwa kwa bega. Hapo nikaacha cherehani.

Nilipofika milango ilikuwa imefunguka na kaka amemshika baba kwapani anamvuta kutoka kwenye kiti, na yeye mwenyewe anapepesuka kama amelewa. Gari lilikuwa bado linawaka, kwa upole wake uleule. Wifi akatokea na khanga ya kulalia, akazima, akamshika miguu tukamtoa baba nje kwenye mvua. Sura yake ilikuwa nzuri. Sijui niseme vipi. Midomo ilikuwa na wekundu wa afya, uso umetulia, kama mtu aliyepata usingizi alioutafuta muda mrefu. Wifi alimpulizia pumzi, akamkandamiza kifua kama walivyofundishwa kazini, mvua inampiga, anamhesabia kwa sauti na kulia humohumo. Hakuacha mpaka kaka alipomshika mikono.

Daktari alitueleza kwa maneno ya kawaida. Moshi wa petroli una hewa moja ya sumu isiyo na harufu wala rangi, haiwashi macho, haikereketi koo. Inaingia kwenye damu inakalia nafasi ya hewa nzuri, na mtu anaona usingizi tu. Dizeli nayo inayo, akasema, lakini kidogo, na ule uchafu wake mwingine unamfukuza mtu kabla. Kaka akamuuliza kama baba aliumia. Daktari akasema hapana. Kaka akauliza tena swali lilelile kama vile hakujibiwa.

Msibani watu hawakosi la kusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema jirani mmoja kuhusu lile gari, akajiona amesema. Mwingine akanong'ona kwamba mkwe ndiye aliyelazimisha petroli. Nilimsikia. Nilimwambia mbele ya watu, akiwa na sahani yetu mkononi, kwamba mkwe ndiye aliyempulizia mzee pumzi ya mwisho, na yeye yuko hapa anatafuna. Akaondoka. Sijutii.

Tulipomaliza kuzika, kaka alibaki na sentensi moja. Aliisema akiwa anakula, akiwa anavaa viatu, akiwa amekaa kitandani taa imewaka: "Nilimdanganya baba yangu." Wifi alimwambia ni bahati mbaya. Mimi nilimwambia tulidanganya sote. Hakutaka kugawana. Alikuwa anakwenda kazini kwa miguu, anarudi amelowa, na gari limekaa bandani milango wazi, hataki kuligusa wala kuliuza. Kadogo alianza kumwogopa baba yake, kwa jinsi alivyokuwa akimkazia macho akikohoa hata kikohozi cha kupaliwa. Nikaona huyu naye anakwenda, polepole, mbele ya macho yetu.

Ndipo Nati alipokuja. Wifi ndiye aliyemwita alichukue gari likakae kwake mpaka apatikane mtu wa kulinunua. Alilala chini yake kulikagua, akatoka na mafuta kwenye paji la uso, akaniambia kile chombo cha kwenye bomba la moshi, ambacho kazi yake ni kupunguza ile sumu, hakipo. Mtu alishakikata kabla gari halijatufikia, akachomelea bomba tupu. "Mimi niliangalia injini tu," akasema. "Sikulala chini." Nikamwambia sina nguvu ya kumlaumu mtu mwingine, foleni ni ndefu.

Lakini hakuondoka. Alisimama akijifuta mikono ambayo ilishatakata.

"Dada, kuna jambo," akasema. "Mzee alikuja kwangu. Baada ya gari kuja, kama mwezi hivi. Alikuja kwa miguu, anapapasa kuta."

"Kufanya nini?"

"Kuniuliza. Aliniambia, 'Nati, wewe si mwanangu, huna sababu ya kunionea huruma. Hili gari linahitaji kupashwa, au halihitaji?'"

Nikakaa kwenye kizingiti.

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Dada? Ni mzee wangu. Nilimwambia halihitaji."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema alijua tangu siku ya kwanza alipolisikia. Nikamwambia basi pumzika, Mzee, asubuhi lala. Akasema hawezi. Akasema kijana wake kila siku, kabla ya kufungua mlango wa gari, anaweka kiganja juu ya boneti, halafu anasema, 'Asante, Baba.' Akikuta boneti baridi atajua kwamba uongo wake umegunduliwa, na ataona aibu. 'Ananipenda,' akaniambia, 'lakini hajui kudanganya. Mwache aendelee.'"

Lilikuwa kweli. Kiganja juu ya boneti. Nililiona asubuhi zote zile kupitia dirisha langu na sikuwahi kulitia maanani.

Nati alilivuta gari akaondoka nalo. Nilikaa na lile neno tangu asubuhi hiyo mpaka jioni. Nilifumua mshono mmoja mara tatu. Nilijiambia, nikimwambia kaka nitamtua mzigo: baba hakudanganywa, baba alijua, hakufa akiwa mjinga wa mtu. Halafu nilijiambia kinyume chake. Mwishowe nikasema ukweli ni ukweli, na mimi siwezi kukaa nyumba moja na mtu huku nimemfichia kitu cha baba yake. Tumeshaona kuficha kunatufikisha wapi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anafua soksi zake. Nikamweleza yote, neno kwa neno, bila kutia chumvi. Hakuniangalia. Aliendelea kuisugua soksi ileile.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

"Alijua."

"Na aliingia mle kila siku kwa ajili yangu."

Nilitaka kusema hapana. Nilitafuta namna ya kulipindua nikaona halipinduki. "Ndiyo," nikasema.

Akaiweka soksi ukingoni mwa beseni. Nilidhani atapiga kelele, nami ningemshukuru kwa kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningemwambia ukweli siku ile ya kikao, angekasirika. Wiki mbili tatu. Kisha angepata kazi nyingine."

"Kazi gani?" nikamuuliza. Sikumuuliza kwa ubaya. Nilitaka kweli aitaje.

Akafikiri. "Kumpeleka Kadogo shuleni."

"Kuna barabara ya kuvuka, kaka. Macho yale?"

"Kukusaidia wewe."

"Nilimpa vifungo. Alinirudishia."

"Kulinda nyumba."

"Nani anaiba hapa?"

Alifikiri tena, na mimi nikafikiri naye. Tulikaa pale wawili, watu wazima, tunapekua nyumba ile chumba kwa chumba, ua, jiko, banda, tukimtafutia baba yetu kitu cha kufanya. Maji ya sabuni yalipoa. Wifi alichungulia mlangoni, akatuona, akarudi ndani bila kuuliza.

"Basi angekaa tu," kaka akasema mwishowe.

"Ulimwona alivyokaa. Angekwisha."

"Angekwisha," akakubali. "Lakini leo angekuwepo."

Nikachukua ile soksi nikaanza kuisuuza.